SOMO LA HISTORIA: NAMNA YA KUCHEZA VITA NDANI YA MJI



Tangu kikundi cha historia kilipoanza kucheza vita vya 1892–1894 juu ya meza, wengi wanauliza: mchezo huu unafundisha nini? Leo tutazame sehemu iliyo ngumu kupita zote, ndiyo mji.

Mchezo wenyewe si wa jana. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, von Reisswitz, alitoa kanuni za kufundisha maofisa vita juu ya ramani, kwa dadu na mwamuzi. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells aliandika kitabu juu ya kucheza nyumbani na askari wadogo wa sanamu. Sisi tunatumia udongo, vijiti na vifuniko vya chupa. Inatosha.

Mfano wetu ni Nyangwe, hapa kwetu katika teritwari ya Kasongo, kwenye ukingo wa kuume wa Lualaba. Januari 1893 Dhanis na jeshi la Leopold walifika ngambo ya pili, wakakaa kule wiki nyingi. Tarehe 4 Machi wakavuka kwa mitumbwi ya Wagenia, wakaingia mji. Tarehe 22 Aprili wakatwaa Kasongo ya zamani, pale tunapoita Tongoni. Kabambare ilitwaliwa 25 Januari 1894.

Sasa kanuni.

1. UKUBWA. Askari wa sentimeta 2 ni mtu aliyepunguzwa mara 85 hivi. Ukipunguza njia ya kilometa 1 vilevile, utapata mita 11 na zaidi: meza gani hiyo? Kwa hiyo usijenge kila nyumba. Kibanda kimoja cha udongo ni lupango nzima, pamoja na nyumba zake, jiko na ua. Chora mpaka wake kwa chaki. Askari yuko ndani ao yuko inje, hakuna katikati. Kusudi watu wasigombane, andika mbele ya mchezo kila lupango inaingiza askari wangapi.

2. KUONA. Vuta uzi toka kwa mpiga bunduki mpaka kwa adui. Uzi ukigusa ukuta, haoni. Katika shamba bunduki nzuri inafika mbali; katika mji inaishia penye kona ya kwanza. Ndiyo sababu mwenye silaha bora anapoteza faida yake akiingia kati ya nyumba.

3. KWENDA. Ndani ya mji gawanya mwendo kwa 2, na kila njia panda kikosi kisimame. Lupango ambayo haijaingiwa inaweza kuficha watu: mwamuzi peke yake anajua, ameandika kwenye karatasi.

4. AMRI. Mkubwa anaona njia yake tu. Akitaka kusema na kikosi cha njia nyingine, atume mjumbe, na mjumbe atembee kama askari wengine. Hapana kupiga kelele toka upande wa pili wa meza!

5. MOTO. Nyasi za paa zinashika upesi. Lupango ikipigwa, tupa dadu: 6, inawaka. Kila zamu tupa tena kwa jirani upande upepo unakoenda: 5 ao 6, nayo inawaka. Moto hauulizi paa ni ya nani.

6. WENYEJI. Kanuni hii wengi wanataka kuiruka, lakini bila hii nyingine zote ni uongo. Mji si kuta tu. Weka maharagi ndani ya kila lupango: ndio mama, watoto, wazee, watumwa. Soko lijae. Tukumbuke tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki walipopiga soko la Nyangwe. Livingstone alikuwa pale. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikabanana, wengi wakazama. Hesabu aliyoandika ni kati ya 330 na 400 waliokufa. Basi maharagi nayo yakimbie, na njia ikijaa, askari hapiti.

Halafu, nani ameshinda? Dhanis aliingia Nyangwe karibu bila kupigana. Siku chache baadaye vita vikaanza ndani ya mji, na moto. Daktari Hinde, aliyekuwa pamoja naye, aliandika kwamba mji wa watu kama 30,000 ulibaki nyumba moja kubwa yenye ngome, na kambi ya askari kandokando. Kwa hiyo kwetu mchezo hauishi bendera ikisimama. Tunahesabu malupango yaliyobaki na maharagi yaliyo hai. Mara nyingi pande zote mbili zinapata alama mbaya, na hiyo ni hesabu ya haki.

Wengine wanasema: nchi hii imeona 1964, imeona 1996 na miaka iliyofuata, juu ya nini kucheza vita tena? Neno lao ni zito. Lakini watoto wanacheza vita kila siku kwa fimbo, na katika mchezo ule hakuna anayehesabu wenyeji. Afazali tucheze kwa kuhesabu.

MASWALI
(a) Kwa nini kibanda kimoja ni lupango nzima?
(b) Chora mtaa wako. Watu wangetokea wapi, kama njia kubwa imefungwa?
(c) Uliza mzee mmoja nyumbani: watu walikimbilia wapi? Andika, ulete.