Presha ya Jicho na Glakoma: Mwongozo wa Mafunzo Endelevu kwa Madaktari wa Macho

Mwongozo huu ni wa madaktari wa macho na matabibu wa macho wanaohudumu katika hospitali za mikoa na kaunti. Unafaa kusomwa kwa pamoja katika kikao cha mafunzo, kila mmoja akiwa na mafaili machache ya wagonjwa wake. Nyuzi za neva ya macho zikishakufa kwa glakoma hazirudi. Kwa hiyo kila uamuzi wa kliniki ujibu swali hili: mgonjwa huyu akirudi kwake leo, presha ya jicho lake itabaki chini hata asipoonekana tena kwa miezi kadhaa?

Kupima na kutenganisha

Presha ya milimita 26 za zebaki pekee haitoshi kumwita mtu mgonjwa wa glakoma. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia watu 1,636 wenye presha ya juu ambao neva zao zilikuwa bado nzima. Baada ya miaka 5, glakoma ilijitokeza kwa asilimia 4.4 ya waliotumia matone na asilimia 9.5 ya wasiotibiwa. Tiba ilipunguza hatari kwa zaidi ya nusu, lakini wengi wa wasiotibiwa walikuwa bado salama. Usimwandikie kila mwenye presha ya juu matone ya maisha. Tazama umri wake, ukubwa wa kikombe cha neva, presha imepanda kiasi gani, na unene wa konea. Konea nyembamba, yaani chini ya mikroni 555 hivi, huongeza hatari, na juu ya hayo huifanya tonomita isome chini ya presha halisi.

Kipimo chenyewe kina mitego. Kola iliyobana shingo, mgonjwa aliyebana pumzi, au kidole chako kinachoshikilia kope huku kikigandamiza jicho, vyote hupandisha namba. Hakiki tonomita ya Goldmann mara kwa mara, andika saa uliyopima, na rudia siku nyingine kabla ya kuamua, isipokuwa presha ni ya kutisha au neva tayari imeumia.

Kikombe kikubwa katika disiki kubwa huenda ni maumbile tu, na macho ya namna hiyo ni mengi kwetu. Pima urefu wa disiki kwa mwanga wa slit lampu, kisha chunguza ukingo wa neva juu na chini, ukitafuta pengo au tone la damu. Chora unachokiona. Anayeandika "0.6" bila mchoro anamwachia mwenzake kubahatisha mwakani.

Lenzi ya gonio isibaki kabatini. Pembe ya jicho iliyojifunga ina tiba yake, ikiwemo tundu la leza kwenye irisi au kuondoa lenzi ya jicho, na mwenye pembe hiyo akipewa matone tu anaendelea kupoteza uoni.

Ombeni pia kuona kila chupa ya dawa ya macho iliyoko nyumbani. Mtoto mwenye mzio wa macho, anayejikuna kutwa, mara nyingi ameshanunuliwa deksamethasoni duka la dawa, tena na tena, kwa sababu inamtuliza. Steroidi hiyo inaweza kupandisha presha kimyakimya hadi neva iharibike. Presha ya mtoto anayeitumia ipimwe kila anapokuja, na mzazi aelezwe bila kukaripiwa, maana alichokiona ni nafuu ya mwanawe.

Leza kabla ya matone

Hapa ndipo mazoea yetu mengi yanapaswa kubadilika. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti walilinganisha timololi ya asilimia 0.5, mara mbili kwa siku, na leza ya SLT. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, tiba ilifaulu kwa asilimia 31 ya macho yaliyopewa timololi na asilimia 61 ya yaliyopigwa leza, baadhi yakiwa yamerudiwa. Hao walikuwa wagonjwa wetu, wenye nauli zetu na barabara zetu, na waliopewa matone walikuwa wamefundishwa kuyatumia. Uingereza nako, jaribio la LiGHT lilionyesha kwamba asilimia 74 ya walioanza na leza hawakuhitaji matone katika miaka 3, na mwaka 2022 mwongozo wa NICE uliiweka leza mbele kwa wagonjwa wengi wapya.

Mashine ni ghali kununua, lakini moja huhudumia wengi, na hospitali isiyo nayo iwe na utaratibu wa rufaa unaojulikana. Wakati wa kupiga, anza na nguvu ndogo na upandishe hadi viputo vidogo vionekane, kisha shusha kidogo. Pembe yenye rangi nyingi huhitaji tahadhari zaidi. Pima presha saa moja baadaye, na uitathmini tiba baada ya wiki 4 hadi 6. Mwambie mgonjwa waziwazi kwamba leza haimwondoi kwenye ufuatiliaji: wasiofaulu ni wengi, na nguvu yake hupungua kwa miaka.

Aliyekuja akiwa amechelewa, jicho moja limekwisha na la pili linaona kama kwa bomba, azungumziwe upasuaji wa trabekulektomia mapema. Kumwongezea chupa ya tatu na ya nne ni kumpotezea muda asio nao.

Anayetumia matone

Kabla ya timololi, uliza kuhusu pumu na shika mapigo ya moyo. Mwombe mgonjwa ajitilie tone mbele yako. Wengi hulitia kwenye kope au shavuni, na hutojua mpaka uone. Avute kope la chini, atie tone moja, afumbe jicho na kubonyeza kona ya karibu na pua kwa dakika 2. Dawa ya pili isubiri dakika 5. Chupa nyingi za latanoprosti huhifadhiwa kwenye friji kabla ya kufunguliwa. Uliza duka lake linaiweka wapi.

Kila aliyethibitishwa kuwa na glakoma aombwe kuwaleta ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wakubwa, na majina yao yaandikwe kwenye faili lake.

Kazi ya kikao

Badilishaneni mafaili. Angalieni kama presha ilirudiwa, kama gonio iliandikwa, kama presha lengwa ilitajwa kwa namba, na mgonjwa alionekana lini mara ya mwisho. Wale ambao tarehe yao ya kurudi imepita wapigiwe simu kabla kikao hakijafungwa.