Mwongozo kwa Anayetaka Kazi ya Kuhifadhi Kobe wa Maji Baridi

Mwongozo huu ni kwa mtu aliye kazini au anayekaribia kuingia kazini: mhitimu wa zuolojia, askari wa wanyamapori au ofisa uvuvi wa wilaya, anayetaka kujikita katika uhifadhi wa kobe wa mito, maziwa na mabwawa. Kasa wa baharini wana miradi na wafadhili, na hata watoto wa shule wanawafahamu, ingawa spishi zao ni saba tu. Duniani zipo takriban spishi 360 za kobe na kasa kwa jumla, nyingi zikiwa za maji baridi, na zaidi ya nusu ya spishi hizo zinatishiwa na kutoweka. Kwetu yupo Cycloderma frenatum, kobe mwenye gamba laini anayeishi kuanzia Rufiji na Ruvuma hadi Ziwa Nyasa na Zambezi, ambaye ameorodheshwa miongoni mwa walio hatarini. Yupo pia Pelusios broadleyi wa Ziwa Turkana, asiyejulikana kuishi pengine popote. Wanaowashughulikia ni wachache mno, na kazi inawasubiri wengine.

Hesabu inayotawala kazi hii

Kabla ya kujifunza kutega wavu, elewa kwanza maisha ya kobe yanavyokwenda. Kobe huchelewa kukomaa. Mayai yake mengi huliwa, na watoto wanaofanikiwa kuingia majini huliwa pia. Lakini akishakuwa mkubwa ana maadui wachache, naye huendelea kutaga kwa miongo mingi. Katika hifadhi ya E. S. George huko Michigan, Marekani, kobe wa aina ya Blanding wamefuatiliwa tangu 1953, na ikabainika kuwa jike huanza kutaga akiwa na umri wa miaka 14 hadi 20. Mwaka 1993 Justin Congdon na wenzake walionyesha kuwa kundi la kobe wa namna hiyo halihimili hata ongezeko dogo la vifo vya wakubwa.

Maana yake kwako ni hii: jike mzima aliyekufa maji ndani ya wavu ni pengo ambalo watoto wengi waliolelewa kwenye tangi hawataliziba upesi. Wafadhili hupenda picha za watoto wa kobe wakiachiwa mtoni, na utashawishika kuwapa wanachokipenda. Ushauri wangu ni kwamba fedha ya kwanza iende mahali wakubwa wanapofia: kwenye nyavu za kunasa, kwenye migono, kwenye ndoana zilizoachwa usiku kucha, na kwa wanunuzi wa nyama.

Kulea watoto kuna mahali pake. Nchini Myanmar, Batagur trivittata alidhaniwa ametoweka kabisa hadi alipoonekana tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mayai yalikusanywa kwenye mafungu ya mchanga ya mto Chindwin, yakaanguliwa chini ya uangalizi, wanavijiji wakaajiriwa kulinda mafungu hayo, na kufikia mwaka 2020 kobe waliokuwa wakitunzwa walikaribia 1,000, ilhali majike wakubwa waliojulikana mtoni hawakufika kumi. Mpango huo ulifaulu kwa sababu mama wachache walikuwa bado hai, na walilindwa.

Kwa Rafetus swinhoei wa China na Vietnam mambo yalichelewa. Jike la mwisho lililojulikana China lilipelekwa kwa dume katika bustani ya wanyama ya Suzhou mwaka 2008. Lilitaga mara kadhaa lakini hakuna yai lililoanguliwa, nalo likafa Aprili 2019 baada ya jaribio la kulipandikiza mbegu. Jike jingine lilithibitishwa mwaka 2020 katika ziwa Dong Mo, Vietnam, likapatikana limekufa Aprili 2023. Wataalamu walikuwepo, fedha na vifaa pia. Kilichokosekana ni majike, maana miaka ya kuwalinda ilikuwa imekwisha kupita.

Masomo na ajira

Shahada ya kwanza ya zuolojia au usimamizi wa wanyamapori ndiyo njia ya kawaida, na vyuo kama Dar es Salaam, Sokoine na Mweka vinafundisha fani hizo. Pamoja na masomo ya darasani jifunze takwimu, hasa mbinu ya kukamata, kutia alama na kukamata tena, kwa kuwa bila hiyo huwezi kusema kundi linaongezeka au linapungua. Jifunze pia kuogelea na kuendesha mtumbwi.

Nafasi yenye jina la mtaalamu wa kobe ni adimu. Utaajiriwa kama mhadhiri, ofisa wanyamapori, mtafiti wa taasisi au mtumishi wa shirika, kisha kobe utawaingiza katika majukumu yako. Mikataba mingi ni ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo panga maisha ya familia yako ukilijua hilo. Tathmini za athari kwa mazingira ni mlango mwingine, na ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Bwawa linapojengwa, awepo mtu wa kuuliza maji yatafunguliwa mwezi gani, na kama mafungu ya mchanga wanakotagia kobe yatafunikwa mayai yakiwa chini.

Ukiwa mtoni

Kobe hupumua hewa. Kila mtego uachiwe sehemu iliyo juu ya maji, na ufungwe vizuri usizame mto ukijaa usiku. Kagua mitego mara kwa mara, na ukishindwa kuikagua, itoe.

Kobe wa gamba gumu hutiwa alama kwa kukatwa vipengee vidogo kwenye ukingo wa gamba, utaratibu uliochapishwa na Fred Cagle mwaka 1939. Mwenye gamba laini hana vigae vya kukata, hivyo tumia kitambulishi cha kielektroniki kinachowekwa chini ya ngozi. Mshike kwa nyuma, maana shingo yake ni ndefu kuliko unavyotarajia.

Yai la kobe lisigeuzwe. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda, na yai likipinduliwa kinaweza kufa. Weka alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kulihamisha. Tena usidhani joto la kiota ndilo huamua jinsia kwa kobe wote. Kwa wengi ni hivyo, lakini kwa jamii ya gamba laini jinsia hurithiwa.

Mamba, kiboko na kichocho ni hatari za kila siku. Pima kichocho kwa utaratibu hata usipojisikia mgonjwa, na nawa mikono kwa sabuni kila unapomshika kobe, kwani hubeba salmonela.

Vibali na wenyeji

Tanzania, kibali cha utafiti hupitia COSTECH na TAWIRI. Kenya, NACOSTI na mamlaka za wanyamapori. Cycloderma frenatum aliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES katika mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016, kwa hiyo hata kichupa cha damu yake hakivuki mpaka bila kibali.

Ukifika kijijini, anza kwa mtendaji na mwenyekiti, kisha kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Kaa na wazee wa uvuvi, waamkie kwa heshima, usikilize kabla ya kuuliza. Wanajua kobe wanapanda mchangani wapi. Mvuvi akikuletea kobe aliyenaswa, mshukuru na usimhoji kama mtuhumiwa, la sivyo hataleta mwingine. Wavu ukiharibika katika kumwokoa kobe, bajeti yako iwe na fungu la kuurekebisha.

Mahali pa viota pasitajwe mtandaoni wala kwenye makala za kitaalamu kwa usahihi wa kumfikisha mtu pale. Wafanyabiashara haramu nao husoma.

Jike utakayemtia alama leo huenda akakamatwa tena wewe umestaafu. Andika daftari kwa penseli, kwa mwandiko unaosomeka, ukieleza kila kifupisho. Weka nakala katika taasisi yako na nyingine chuoni, na mfundishe kijana mmoja wa kijijini kusoma alama za gamba. Kila mkataba unapokaribia kwisha, tenga muda wa kukabidhi orodha ya kobe wote waliotiwa alama kwa atakayebaki.