Saratani ya ovari: tumbo linalojaa wiki baada ya wiki

Mama akipimwa mlango wa kizazi na kuambiwa yuko salama, mara nyingi hudhani amepimwa saratani zote za uzazi. Sivyo. Kipimo hicho, kiwe cha Pap au cha virusi vya HPV, huchunguza mlango wa kizazi pekee. Ovari, zinazotunza mayai, ziko ndani ya nyonga, moja kila upande wa kizazi.

Huko ndani uvimbe hupata nafasi ya kukua bila kubana kitu, na seli zake huweza kusambaa tumboni kabla ya maumivu makali. Ndiyo maana wagonjwa wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa.

Dalili zenyewe hazitishi: tumbo kujaa au kuvimba, kushiba baada ya vijiko vichache, maumivu chini ya kitovu, kukojoa mara kwa mara. Nani hajawahi kujaa gesi? Basi mama hununua dawa ya vidonda vya tumbo, kisha ya amiba, na miezi inapita. Angalia mwendo wa dalili: ni mpya kwako, zinakuja karibu kila siku, na wiki mbili au tatu zimepita bila nafuu. Ikiwa umefikisha miaka 50 au hedhi imekoma, usingoje hata kidogo. Nenda kituo cha afya, eleza zilianza lini, na uulize waziwazi: “Daktari, haiwezi kuwa ovari?”

Utakaguliwa, upigwe picha ya altrasaundi na pengine upimwe damu kwa kipimo cha CA-125. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa sababu hupanda pia kwa mimba, faibroidi na hata kifua kikuu cha tumbo. Nchini Uingereza, utafiti wa wanawake zaidi ya 200,000 wasio na dalili ulilinganisha waliopimwa kila mwaka na wasiopimwa. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba upimaji haukupunguza vifo. Kwa hivyo anayekuuzia kipimo cha damu cha “saratani zote” usimpe pesa zako.

Matibabu huwa ni upasuaji pamoja na dawa za kemo. Upasuaji huu unahitaji bingwa wa saratani za uzazi, kwa kuwa uvimbe ukibaki kidogo, matumaini huwa makubwa zaidi. Mabingwa hao ni wachache, hivyo huenda ukapewa rufaa hadi hospitali kubwa kama Kenyatta, Nairobi, au Moi, Eldoret. Hakikisha usajili wako wa SHA uko sawa mapema. Ugonjwa huu hupenda kurudi, kwa hivyo usikose kliniki baada ya matibabu.

Tena, ikiwa mama yako, dada au shangazi aliugua saratani ya ovari au ya matiti, mwambie daktari hata asipouliza. Shangazi wa upande wa baba pia anahesabiwa.