Nimebatizwa, mbona dhambi bado inaniita?



Kijana mwenzangu, swali la leo nimeulizwa zaidi ya mara moja, na kusema kweli na mimi nimewahi kujiuliza. Mtu anaungama Jumamosi, anatoka mwepesi kabisa. Ikifika Jumatano usiku yuko pale pale, na simu ile ile mkononi. Baada ya miezi kadhaa anaacha kuungama, maana anaona aibu kurudia kwa padre maneno yale yale. Kisha linakuja wazo jingine: labda ubatizo wangu haukushika, nilikuwa mtoto mchanga, sikujua chochote. Labda nikazamishwe mtoni, maji mengi, nianze upya. Wapo waliokwenda. Mmoja wao aliniambia bila kuficha kwamba zilipita wiki mbili tu, jaribu lake likarudi.

Hebu fungua Warumi sura ya 6, usome mstari wa 3 mpaka wa 14 kabla hujaendelea.

Umeona Paulo anavyoanza? Anawauliza Wakristo wa Roma kama hawajui. Hawajui kwamba waliobatizwa katika Kristo wamebatizwa katika kifo chake, wamezikwa pamoja naye, ili waenende katika maisha mapya. Katika mstari wa 6 anasema utu wa kale umesulubiwa, hatutumikii tena dhambi. Imekwisha hiyo. Lakini ukifika mstari wa 12 anawaamuru watu hao hao wasiiache dhambi itawale katika miili yao. Sasa, kama ubatizo ungekuwa umeondoa hata mvuto wa dhambi, amri hiyo ingekuwa ya nini? Paulo anajua kwamba dhambi itaendelea kuja. Anachosema ni kwamba haina tena haki ya kututawala.

Tumtazame Mtakatifu Yosefina Bakhita. Wengi tunamjua kwa picha tu. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869, akatekwa nyara akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena. Alikuwa na makovu zaidi ya mia moja mwilini, maana bibi mmoja aliyemmiliki aliagiza achanjwe kwa wembe na majeraha yasuguliwe chumvi ili alama zisipotee. Mwishowe alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum, na mwaka 1885 akafika Italia, akawa yaya wa mtoto wa familia moja. Familia hiyo ilipokuwa na shughuli zake Afrika, Bakhita na mtoto yule waliachwa kwa masista wa Canossa mjini Venezia. Huko akaanza mafundisho ya ukatekumeni.

Bibi wa familia aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka. Bibi akang'ang'ania. Shauri likafika kwa wakuu wa Kanisa na wa serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba Bakhita ni mtu huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikutambua utumwa. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Amekuwa katika nchi ile miaka, anatumwa, anaitika, anahesabiwa mali ya watu, kumbe mbele ya sheria hakuna aliyekuwa na haki hiyo juu yake. Kilichokosekana ni yeye kujua, na kusema siendi.

Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa, akapokea pia Kipaimara na Komunyo. Baadaye akawa sista.

Je, makovu yalifutika siku ile? Hapana. Alizikwa nayo. Na alipokuwa akifa huko Schio mwezi Februari 1947, miaka 57 baada ya ubatizo, homa ilimrudisha utumwani, akawa anamwomba muuguzi amlegezee minyororo, ni mizito. Mtakatifu, sista wa miaka mingi, anasikia uzito wa minyororo ambayo haipo! Nani angesimama pale kitandani amwambie kwamba basi bado ni mtumwa? (Mfano huu una mpaka wake: makovu yake alitendewa, yetu mengine tumejichanja wenyewe.)

Kanisa linafundisha jambo hilo kwa lugha yake. Ubatizo unaondoa dhambi ya asili, na kwa mtu mzima dhambi zote alizotenda, pamoja na adhabu zake. Haubakizi deni lolote. Lakini yanabaki mambo kadhaa ya maisha haya: magonjwa, kifo, udhaifu wa tabia, na ule mwelekeo wa kutenda dhambi tunaouita tamaa. Soma Katekisimu namba 1263 na 1264. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulisema wazi kwamba tamaa hii imeachwa tupambane nayo, na haiwezi kumdhuru asiyeikubali bali anayeipinga kwa neema ya Kristo. Yenyewe si dhambi. Inatoka kwenye dhambi na inavuta kwenye dhambi. Kwa hiyo, kijana, wazo lililokujia ghafla usiku si anguko. Unaanguka pale unapolikaribisha na kulipa kiti.

Na ukianguka kweli? Hakuna ubatizo wa pili. Alama ya Ubatizo haifutiki hata kwa dhambi kubwa (namba 1272), hivyo hakuna cha kuanzisha upya. Dhambi ya mauti inapoteza neema ya utakaso, hilo tusilipunguze, lakini ndiyo maana tuna Kitubio. Rudi, hata kama ni kwa maneno yale yale. Padre ameshasikia mengi, usidhani wewe ndiye utakayemshangaza. Na kama tabia imekushika kiasi kwamba huwezi kupitisha siku mbili, mwambie pia mtu mzima unayemwamini au mshauri. Kuomba msaada hakupingani na neema.

Mstari wa 13 Paulo anataja viungo vya mwili, tusivitoe viwe silaha za dhambi. Napenda alivyoshuka mpaka hapo. Vidole vinavyotelezesha kioo cha simu ni viungo. Macho ni viungo. Kuacha simu ichajiwe sebuleni badala ya chumbani ni jambo dogo, wengine watakucheka, lakini ni Warumi 6:13 ile ile.

Kuna jambo jingine kwa Bakhita ambalo sisi wa Kiswahili tunalipata kwa urahisi kuliko wengine. Katika lahaja ya Venezia mwenye mali huitwa paron, na Bakhita alimwita Mungu kwa neno hilo hilo. Papa Benedikto wa XVI alilikumbusha mwaka 2007 katika waraka wake juu ya matumaini. Sisi tunasema Bwana. Bwana wa mtumwa, na Bwana Yesu. Bakhita alikuwa amejua mabwana wakatili, kisha akamkuta Bwana ambaye mwenyewe alipigwa mijeledi. Hakubaki hana bwana. Paulo naye hasemi tumeachiwa huru tuzurure. Mbele kidogo, mstari wa 18, anasema tumewekwa huru mbali na dhambi tukawa watumwa wa haki. Jaribu likija, lijibu kama Bakhita alivyomjibu yule bibi: siendi, nina Bwana mwingine. Sema hata kwa sauti, kama uko peke yako.

Wiki hii tafuta cheti chako cha ubatizo, au muulize mama, au pita ofisi ya parokia ulipobatizwa. Andika ile tarehe mahali utakapoiona. Masista walimwona Bakhita mara nyingi akibusu kisima cha ubatizo, akisema kwamba hapo ndipo alipofanywa binti wa Mungu. Cha kwako kipo bado kanisani. Ukifika, kisogelee ukakiguse.