Utangaze Nafasi au Umfuate Unayemtaka?

Mdogo wangu unayeongoza shirika la watu tisa, nimekusoma. Mhasibu anaondoka mwisho wa mwezi, kuna dada unayemfahamu anayeifanya kazi hiyo vizuri kwingine, na bodi inataka utangaze. Unauliza utangaze ya nini, na unayemtaka unamjua?

Kwanza nikukataze jambo moja: usitangaze nafasi ambayo moyoni umeshaigawa. Watu wanakopa nauli, wanatoa kopi za vyeti, wanaamka alfajiri kuja kusailiwa kwa kiti chenye mwenyewe. Ni dhuluma, na habari husambaa. Siku utakayotangaza kwa dhati, wazuri hawatajisumbua.

Serikalini ushindani ni lazima. Kwetu Tanzania kuna Sekretarieti ya Ajira. Kenya, Katiba ya 2010 imeweka ushindani wa haki na sifa kuwa msingi wa ajira za umma. Wewe una uhuru kidogo. Ila tangazo unalolirusha kwenye makundi yako ya WhatsApp tu usiliite la wazi. Hiyo ni koneksheni iliyovaa tai.

Kumfuata mtu nako si dhambi. Fundi mzuri wa hesabu huwa yuko kazini, hana habari na matangazo. Shida ni kwamba tunawafuata tunaowajua, nao ni wale wale: tuliosoma nao, tunaosali nao, wa nyumbani. Ofisi inageuka ukoo, halafu siku fedha zikipungua hakuna wa kumuuliza mwenzake.

Kwa hiyo fanya yote mawili. Tangaza wiki mbili, kisha mpigie huyo dada umwambie alete maombi kama wengine, bila kumwahidi kitu. Waulize na wahasibu wa mashirika jirani wakutajie wawili usiowajua, uwapigie pia. Hakikisha usajili wao kwenye bodi ya wahasibu, NBAA. Siku ya usaili wape wote taarifa ya benki ya mwezi mmoja na daftari la malipo ulimoficha makosa matatu, waoanishe kwa saa moja. Karatasi ziwe na namba badala ya majina, na asahihishe mtu wa nje ya ofisi. (Maswali ya “jieleze kwa ufupi” hayajawahi kumfichua mhasibu mbovu.)

Huyo dada akishindwa, mpigie wewe mwenyewe umwambie. Usimtume katibu muhtasi.