SOMO: SIKU YA ELIMU YA SHERIA KATIKA CHAMA CHA MSINGI

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa kuwasaidia makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi kuandaa siku moja ya kuufundisha umma sheria bila malipo. Baada ya kulisoma na kulijadili, yatazamiwa kwamba chama kitaweza kueleza kwa nini elimu ya sheria ni kazi ya ushirika, kukusanya maswali ya wanachama, kuipanga siku yenyewe, na kuyafuatilia yale yatakayobaki baada ya wageni kuondoka.

1. Kwa nini kazi hii ni ya ushirika

Elimu ni mojawapo ya kanuni kongwe za ushirika. Waanzilishi wa duka la Rochdale, Uingereza, waliofungua milango yao mwaka 1844, hawakuchelewa kutenga sehemu ya ziada yao kwa ajili ya kuwaelimisha wanachama. Hapa Tanzania, Chuo cha Ushirika cha Moshi, ambacho tangu mwaka 2014 ni chuo kikuu, kilianzishwa mwaka 1963 kwa nia hiyohiyo.

Aghalabu elimu inayotolewa vyamani huhusu hesabu, utunzaji wa mazao na wajibu wa viongozi. Hayo ni mema na ya lazima. Hata hivyo mwanachama anaweza kupalilia vema, kuvuna vema na kupima mazao yake kwa mizani ya haki, kisha akapoteza yote kwa sababu ya karatasi aliyoitia dole gumba bila kusomewa. Chama hakiwezi kuuza mazao ya mkulima aliyekwisha kupokonywa shamba, wala hakiwezi kumdai mkopo mtu ambaye mali yake imeuzwa na nduguze. Kwa hiyo kumlinda mwanachama kwa elimu ya sheria ni kukilinda chama chenyewe.

Na tuchukue mfano. Mwanachama amefariki. Kikao cha ukoo kinamteua mdogo wa marehemu awe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo inamthibitisha. Miezi michache baadaye msimamizi anauza nusu ya shamba, akisema kwamba mahakama imempa. Mjane ananyamaza, kwa kuwa haoni njia ya kubishana na karatasi yenye muhuri. Lakini karatasi ile haikumpa shamba mtu yeyote. Msimamizi hukabidhiwa kazi ya kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kuwagawia wanaostahili, na kuipelekea mahakama orodha ya mali pamoja na hesabu. Akikiuka wajibu huo, wenye haki wanaweza kuiomba mahakama imwondoe. Mjane angalilijua jambo hili moja mapema, angalikwenda mahakamani kabla shamba halijauzwa. Siku ya elimu ya sheria huandaliwa kwa ajili ya mtu kama huyo.

2. Kuanza na maswali, si na hotuba

Kosa linaloziharibu siku nyingi za namna hii ni kumwalika mtaalamu kwanza na kufikiria mambo ya kufundishwa baadaye. Mgeni hufika, husoma hotuba ndefu yenye vifungu vingi, watu hupiga makofi, na kila mmoja hurudi nyumbani na tatizo lake kama alivyokuja.

Njia bora ni kuanza na maswali ya watu wenyewe. Wiki sita kabla ya siku iliyokusudiwa, katibu awaombe wanachama walete maswali. Sanduku lenye kufuli liwekwe mahali pa kupimia mazao, na kila mtu aruhusiwe kutumbukiza swali lake bila kuandika jina. Kwa wasiojua kuandika, chama kiteue watu wawili wanaoaminika, mwanamke na mwanamume, wawaandikie. Yafaa maswali ya wanawake yakusanywe na mwanamke, kwa kuwa mengine hayawezi kuulizwa mbele ya shemeji au baba mkwe.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, bodi iyapange maswali katika mafungu na kuchagua matatu tu yanayojitokeza zaidi. Mafungu mengine yawekwe akiba kwa siku nyingine. Maswali yaliyochaguliwa yapelekwe kwa wataalamu mapema ili waje na majibu yanayohusu mahali hapo.

Maswali juu ya chama chenyewe yasifichwe. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Mwanachama anayetaka kujua makato ya mazao yake yameidhinishwa na nani, au hesabu zilizokaguliwa zimesomwa lini, anauliza swali la sheria. Bodi ikiliondoa swali hilo sandukuni, watu watajua, na siku nzima itakuwa imeharibika kabla haijaanza.

3. Mambo ambayo aghalabu huulizwa

Ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Mgogoro ukizuka, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu wao ni wanawake, hupatanisha. Wengi bado wanaamini kwamba Baraza la Kata huamua kesi za ardhi. Mamlaka hayo liliondolewa mwaka 2021, na kazi yake katika migogoro hiyo sasa ni kupatanisha. Anayetaka uamuzi huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tena wanachama wakumbushwe kwamba madai ya kurejeshewa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Anayengoja huenda akakuta mlango umefungwa.

Ndoa na mirathi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Uamuzi huo ulihusu talaka. Mirathi ni jambo jingine, kwani hufuata sheria ya kimila, ya Kiislamu au ya kiserikali, kwa kutegemea maisha ya marehemu. Kwa sababu hiyo mtaalamu aombwe aeleze tofauti hizo polepole, na aonyeshe namna ya kuandika wosia ulio halali.

Mikataba na mikopo. Hapa mafundisho ni mafupi: mtu asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa yote, adai nakala yake, ajue riba yote atakayolipa, na ajue kwamba anayemdhamini mwenzake amelichukua deni lile kama lake.

4. Kuwachagua wafundishaji

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, ambao wengi huishi karibu na wananchi. Wao wanaweza kuelimisha, kushauri na kumwelekeza mtu pa kwenda, lakini hawamwakilishi mtu mahakamani. Katibu anaweza kuwapata kwa kuuliza katika ofisi ya halmashauri. Hali kadhalika chama kinaweza kumwandikia mwanasheria wa halmashauri, ofisa ushirika wa wilaya, vituo vya msaada wa kisheria, au vyuo vikuu vyenye mafunzo ya sheria. Desturi hii si ngeni: Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960.

Hakimu akialikwa, aombwe kueleza taratibu za mahakama peke yake. Haifai kumwuliza juu ya kesi iliyo mbele yake, na mwenyekiti wa siku atangaze hivyo tangu mwanzo.

Wafundishaji wasemeshe watu kwa Kiswahili chepesi. Mwaka 2021 Bunge lilifanya marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hakuna sababu, basi, ya mkulima kufundishwa haki yake kwa lugha asiyoielewa.

5. Maana ya "bila malipo"

Neno "bure" halina budi kutimizwa. Pasiwe na kiingilio, mchango wa lazima, wala fomu ya kuuzwa. Mtu yeyote asiitumie siku hiyo kutafuta wateja, wala chama chochote cha siasa kisiitumie kutafuta kura. Wasio wanachama wakaribishwe kama wanachama, kwa maana jirani anayedhulumiwa leo ni mwanachama wa kesho.

Hata hivyo kitu cha bure kwa msikilizaji kina gharama kwa mwandaaji. Nauli ya wageni, chakula chao, kipaza sauti na karatasi vipangiwe fedha katika makisio ya mwaka na kuidhinishwa na mkutano mkuu, katika fungu la elimu. Matumizi yasomwe mbele ya wanachama baadaye. Siku ya kufundisha sheria isiendeshwe kwa fedha zilizotumika kinyume cha sheria.

6. Siku yenyewe

Tarehe isiangukie msimu wa mavuno, siku ya gulio wala siku ya ibada. Serikali ya kijiji iarifiwe kwa barua mapema. Mahali pawe na kivuli, maji na choo, na wazee na watu wenye ulemavu waweze kupafikia.

Saa 3 asubuhi: ufunguzi, usiozidi dakika 15.
Saa 3:15 hadi saa 6: mafungu matatu ya maswali. Kila fungu lipewe dakika 20 za maelezo, na muda unaobaki uwe wa maswali na majibu.
Saa 6 hadi saa 7: mapumziko.
Saa 7 hadi saa 10: meza za ushauri kwa mtu mmoja mmoja.

Meza za ushauri ndizo moyo wa siku hiyo. Ziwekwe mbalimbali ili maneno ya mmoja yasisikiwe na mwingine, na meza moja iwe ya mwanamke kuwasikiliza wanawake. Pembeni iwepo meza ya katibu mwenyewe, akiwa na daftari la wanachama. Kila mwanachama aulizwe kama jina la mtu aliyemteua kupokea hisa na haki zake chamani baada ya kifo limeandikwa, na kama bado ni lile analolitaka. Kazi hii haihitaji wakili, na inaweza kuondoa ugomvi mwingi.

7. Baada ya wageni kuondoka

Kila shauri lililosikilizwa liandikwe katika daftari la siri: tarehe, aina ya tatizo, ushauri uliotolewa, hatua inayofuata na nani wa kuifuata. Daftari litunzwe na mtu mmoja aliyeapa kutunza siri. Baada ya siku 30 aulize kila shauri limefikia wapi, na lililokwama lirudishwe kwa msaidizi wa kisheria.

Kuhusu mafundisho ya jumla, vyama vinaweza kujifunza kutoka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vidogo, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda; vyoo vikachimbwa. Sheria nayo yaweza kufundishwa hivyo. Kikundi cha watu kumi na watano kikikutana mara moja kwa wiki kujadili swali moja la sandukuni, kitakumbuka mengi kuliko umati uliosikiliza hotuba ya siku nzima.

Mafanikio ya siku hiyo, basi, yasipimwe kwa wingi wa watu waliohudhuria. Yapimwe kwa wosia ulioandikwa, hati iliyoandikwa majina mawili, mkataba uliorudishwa bila kutiwa sahihi, na mjane aliyefika mahakamani kabla shamba halijauzwa.

Maswali ya majadiliano

1. Je, ni matatizo gani matatu ya kisheria yanayowasumbua zaidi wanachama wa chama chenu?
2. Msimamizi wa mirathi ana wajibu gani? Ana tofauti gani na mrithi?
3. Mgogoro wa ardhi ukitokea kijijini kwenu, hatua ya kwanza ni ipi, na inayofuata ni ipi?
4. Je, daftari la wanachama lina jina la mteule wa kila mwanachama? Kama halina, kazi hiyo itakamilishwa lini na nani?
5. Je, makisio ya chama ya mwaka huu yana fungu la elimu? Limetumikaje?