Ufito na Mche Mchanga

Ni desturi ya baadhi ya wenye bustani kusimika ufito kando ya kila mche wa haibiskasi au mkomamanga mara tu upandwapo, kisha kulifunga shina kwa kamba au waya toka chini hadi juu. Nia ni njema: mche usilale upepo wa kusi uvumapo. Lakini elimu ya mimea yaonyesha kwamba mche uliozuiwa kabisa usitikisike hunyimwa jambo linaloutia nguvu.

Kazi ya mtikisiko

Upepo unapolipinda shina, seli zilizo hai ndani yake huhisi mkazo huo, nao mmea hubadili ukuaji wake. Hurefuka polepole zaidi, shina hunenepa karibu na ardhi, na mizizi inayoushikilia huimarika. Mwaka 1973 mtaalamu Mordecai Jaffe wa Marekani aliipa tabia hiyo jina la thigmomofojenesisi, yaani kubadilika kwa umbo kutokana na kuguswa.

Jambo lenyewe lilichunguzwa zamani zaidi. Mwaka 1803 Thomas Andrew Knight wa Uingereza alitoa habari za majaribio aliyoyafanya kwa mitufaha michanga. Baadhi aliifunga isiyumbe, mingine akaiacha huru. Iliyoyumba ilinenepa zaidi sehemu ya chini ya shina. Mti mmoja aliuacha uyumbe kwa upande wa kaskazini na kusini tu. Ulipokua, kipenyo cha shina lake kwa upande huo kilikizidi kile cha mashariki na magharibi kwa kadiri ya 13 kwa 11.

Mche gani uegemezwe?

Kabla ya kusimika ufito, shina lishikwe katikati na kutikiswa taratibu. Likipinda na kurudi wima huku udongo umetulia, mche hauhitaji msaada. Udongo ukipasuka kuzunguka shina, mizizi haijashika, na egemeo linahitajika. Vivyo hivyo kwa mche ambao udongo wake ulimwagika wakati wa kutolewa katika kiriba, na kwa ule uliorefuka na kuwa mwembamba kwa kusongamana na mingine kitaluni, hata ukashindwa kusimama peke yake.

Namna ya kuegemeza

Fito mbili ni bora kuliko moja. Zisimikwe nje ya bonge la mizizi ili zisiikate, moja kila upande, na mstari wake ukatize njia ya upepo. Palipo na mchwa, fito zikaguliwe mara kwa mara.

Ili kupata mahali pa kufunga, shina lishikwe kwa vidole kuanzia chini, mkono ukipanda kidogo kidogo mpaka ncha isimame wima. Kifungo kiwekwe sentimita 15 hivi juu ya hapo, wala kisipandishwe zaidi. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli au utepe mpana wa kitambaa chafaa. Kizungushwe kwa umbo la tarakimu 8 kati ya shina na ufito, ili visisuguane, na kilegezwe kiasi cha kuliacha shina liyumbe kidogo.

Waya na kamba nyembamba hazifai. Chini ya gome mna mirija inayoteremsha chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Shina linaponenepa, waya hulibana na kuikata mirija hiyo. Dalili yake ni uvimbe juu ya kifungo. Mwisho wake mizizi hufa njaa, au shina huvunjika papo hapo siku ya upepo mkali.

Wakati wa kuondoa

Vifungo vitazamwe kila mwezi na kulegezwe vinapoanza kubana. Baada ya miezi michache vifunguliwe na mche utikiswe tena kama mwanzo. Udongo ukitulia, fito ziondolewe. Kwa kawaida zisipite mwaka 1. Mche ukiinama kidogo baada ya kufunguliwa, ncha zake zipunguzwe ili upepo usipate pa kushika. Kuufunga upya bila sababu ni kuuzuia usijenge shina litakaloubeba maisha yake yote.